Dhiki huunda ndugu, kuhamishwa huwatawanya

AKUFAAYE kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo hutajwa sana harusini na misibani, lakini kwa wakazi wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam imepita kiwango cha pambo la hotuba. Katika kipindi kisichofika miaka mitatu, kati ya Aprili 2009 na Desemba 2011, jiji hilo lilipigwa na majanga matatu makubwa. Mara zote tatu, kabla ya magari ya msaada kufika na kabla ya mahema kushushwa, mtu wa kwanza kumshika mkono aliyeathirika alikuwa jirani yake, na mara nyingine mtu asiyemfahamu kabisa.

Hilo linajulikana na halina ubishi. Lenye ubishi ni linalofuata baada ya hapo: kwa nini shida iliyowapata watu pamoja huwafanya ndugu, undugu huo hudumu kwa sababu gani, na ni nini huuvunja. Swali hilo lina uzito leo kwa sababu maelfu ya wakazi wa Bonde la Mto Msimbazi wamelipwa fidia na kuondoka ili kupisha mradi mkubwa wa kuendeleza bonde hilo. Fidia imehesabu matofali, mabati, milango na miti. Kitu kimoja hakikuwamo katika fomu za uthamini, nacho ni jirani.

Mabomu yaliyofungua milango

Jumatano ya Aprili 29, 2009, kabla ya saa sita mchana, ghala la silaha katika kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Mbagala Kuu, lililipuka. Mabomu yaliruka na kuangukia makazi ya raia wilayani Temeke. Watu zaidi ya 20 walifariki dunia, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika, baadhi zikibaki na nyufa ambazo wenyewe waliishi nazo kwa miaka.

Siku hiyo ilikuwa ya kazi na ya shule. Baba na mama walikuwa mjini au sokoni, watoto wakiwa madarasani. Milipuko ilipoanza, kila mmoja alikimbia kuelekea alikodhani ni salama, na familia nyingi zikatawanyika ndani ya dakika chache. Wenye nyumba katika maeneo ambayo hayakuguswa walijikuta wakiwapokea watu wasiowajua. Watoto walishikwa mikono na watu wazima ambao hawakuwa wazazi wao.

Chini ya miaka miwili baadaye, usiku wa Februari 16, 2011, hali hiyo ilijirudia Gongo la Mboto, wilayani Ilala, baada ya mabomu kulipuka katika kambi nyingine ya jeshi. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Safari hii giza liliongeza hofu. Maelfu ya watu walitembea usiku kucha kuelekea katikati ya jiji, na wengi walihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru, Temeke. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na kazi ya kuwaunganisha ikafanywa na Chama cha Msalaba Mwekundu, vyombo vya habari na wananchi wa kawaida waliokuwa wakipokea watoto na kutoa taarifa.

Mkazi wa Temeke aliyekuwa amekimbia mabomu ya Mbagala mwaka 2009 hakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kulala uwanjani na mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kuyapitia. Ndivyo shida inavyofanya kazi yake ya kwanza: humpa mtu lugha ya kumwelewa mwenzake bila ya maelezo marefu.

Mafuriko na safari ya Mabwepande

Janga la tatu lilikuja siku chache baada ya Taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru. Kuanzia Desemba 20, 2011, mvua kubwa ilinyesha jijini kwa siku kadhaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa mvua ya kiasi hicho haikuwahi kurekodiwa Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia Jangwani, Kigogo na mabonde mengine, na watu zaidi ya 40 walikufa. Waliookoka walipanda juu ya mapaa ya nyumba, wakaokolewa kwa kamba, kwa matairi na kwa boti, kisha wakahifadhiwa katika shule.

Januari 2012 Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, wilayani Kinondoni, takriban kilomita 30 kutoka Jangwani. Walianza maisha katika mahema, wakapewa viwanja, na huduma zikaanza kujengwa taratibu.

Hapo ndipo uzoefu wa Dar es Salaam ulipogawanyika. Wapo waliobaki na kujenga. Katika mahema hayo watu waliotoka mitaa tofauti ya bondeni walishirikiana maji, kuni, ulinzi wa usiku na malezi ya watoto, na makazi mapya yakapata mizizi. Lakini pia, katika miaka iliyofuata, viongozi wa Serikali walilalamika mara kwa mara kwamba baadhi ya waliopewa viwanja Mabwepande waliviuza na kurudi bondeni. Wengi waliwaona kuwa wakaidi. Desemba 2015 mabuldoza yaliingia tena bondeni, Mkwajuni na Jangwani yakiwamo, na bomoabomoa ikawakuta watu waliokuwa wanajua fika hatari ya mahali walipojenga.

Ukaidi ni maelezo rahisi mno. Mama lishe aliyekuwa akipika karibu na Kariakoo alipoteza wateja alipohamia kilomita 30. Alipoteza pia muuza mchele aliyekuwa akimkopesha hadi jioni, jirani aliyekuwa akimwangalizia watoto alfajiri, na kikundi cha mchezo ambacho zamu yake ya kupokea ilikuwa imekaribia. Ukijumlisha hayo kwa fedha, huenda thamani yake ilizidi kiwanja. Aliyerudi bondeni, pamoja na kufuata riziki, alirudi kwa watu wake.

Undugu wa jiji la wageni

Dar es Salaam ni jiji la watu waliotoka kwingine. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa huo. Mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36, na mwaka 2022 wakafika milioni 5.38. Ongezeko hilo limejaza Mbagala, Chamazi, Tandale, Manzese, Bunju na Goba kwa watu ambao shangazi na wajomba zao wako Mtwara, Iringa, Kigoma, Tanga au Mwanza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu aliye Kigoma hawezi kumkimbiza mgonjwa Hospitali ya Temeke saa nane ya usiku.

Wakazi wa jiji wamelijua hilo tangu enzi za ukoloni. Ofisa wa utawala wa Kiingereza, J.A.K. Leslie, aliyefanya utafiti kuhusu maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, alikuta jiji la wahamiaji wanaotafuta namna ya kuishi pamoja mbali na koo zao. Kabla ya hapo na baada ya hapo, utani ulikuwa daraja mojawapo. Mzaramo, Mngoni na Mnyamwezi walikuwa na watani wao hata ugenini, na mtani hakuishia kwenye mzaha, kwani alikuwa na wajibu msibani: kuosha, kuchimba kaburi, kuchangamsha wafiwa. Vyama vya kufa na kuzikana vilifuata mantiki hiyo hiyo. Mtu alichangia msiba wa asiyemfahamu sana ili naye asizikwe kama asiye na kwao.

Kipimo kikubwa zaidi kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuyumba kwa uchumi viliacha maduka matupu. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na unga. Mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha familia. Mtafiti wa Marekani, Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa muongo huo na kutoa kitabu mwaka 1997, alionyesha jinsi familia zilivyojinasua kwa biashara ndogondogo na jinsi wanawake walivyojikusanya katika vikundi vya upatu. Dola ilishindwa kutoa mtaji, benki hazikumjua mwanamke muuza maandazi, hivyo wanawake wenyewe wakawa benki.

Vikundi hivyo havikufa foleni zilipokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilipata sura mpya iliyoitwa VICOBA, iliyotokana na mfumo ulioanzishwa nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Utaratibu wake unafahamika katika karibu kila mtaa wa Temeke na Kinondoni. Wanachama hadi 30 hujigawa katika makundi ya watu watano wanaodhaminiana. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya aina hiyo na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri.

Ukiondoa hesabu, VICOBA ni njia ya kugeuza dhiki kuwa ratiba. Aliyekufaa siku ya msiba utamwona Jumamosi ijayo, na Jumamosi itakayofuata, na daftari litaonyesha nani alitoa na nani hakutoa.

Utafiti unasemaje

Wasomi wa nyakati na mahali tofauti wamefika karibu na hapo hapo. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mwanazuoni mzaliwa wa Tunis, aliandika katika Muqaddimah kuhusu asabiya, yaani mshikamano wa kundi. Kwa maoni yake, watu wa jangwani walishikamana kwa sababu maisha yao magumu hayakumruhusu mtu kuishi peke yake, na mshikamano huo ulififia wajukuu zao walipozoea raha za mjini.

Mwaka 1954, katika Jimbo la Oklahoma nchini Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwachukua wavulana 22 na kuwagawa katika makundi mawili kambini. Baada ya mashindano, makundi hayo yalichukiana kiasi cha kurushiana vyakula. Kuwakutanisha katika chakula na sinema hakukusaidia. Chuki ilianza kupungua pale maji ya kambi yalipokatika na wote wakalazimika kutafuta kasoro, na pale lori la chakula lilipogoma kuwaka wakalivuta kwa kamba pamoja.

Karibu zaidi na sasa, mwaka 2014, Brock Bastian na wenzake nchini Australia walichapisha matokeo ya majaribio ambayo watu wasiofahamiana walipewa maumivu madogo kwa pamoja: kutumbukiza mikono katika maji ya barafu au kula pilipili kali. Waliopitia maumivu hayo walijiona kuwa karibu zaidi na walishirikiana zaidi katika mchezo wa fedha kuliko ambao hawakuumizwa.

Ukiyaweka matokeo hayo kando ya Mbagala na Mabwepande, unapata mambo matatu. La kwanza ni usawa: bomu na mafuriko havikuuliza kabila, dini wala chama. La pili ni kazi ya pamoja, kwa kuwa kuteseka tu hakutoshi kama hakuna lori la kuvuta kwa kamba. La tatu, ambalo majaribio ya maabara hayawezi kuonyesha, ni kuonana tena. Aliyekuvuta kutoka majini kisha msionane maisha ni mfadhili. Aliyekuvuta kisha mkawa mnateka maji kisima kimoja kwa miaka kumi ni ndugu.

Shida nyingine hazizai ndugu

Itakuwa upotoshaji kuimba sifa za dhiki bila ya kutaja upande wake wa pili. Umaskini si mwalimu mwema wakati wote, na wenye shibe wasiutumie mshikamano wa maskini kuwa sababu ya kuwaacha walivyo.

Mwaka ule ule wa mabomu ya Mbagala, jiji lilishuhudia kuanguka kwa DECI, mpango uliokuwa na makao yake Mabibo. Watu walishawishiwa "kupanda mbegu", yaani kuweka fedha, kwa ahadi ya kuvuna mara kadhaa. Kwa nje mpango huo ulifanana na upatu uliozoeleka uswahilini. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, maelfu wakabaki wakidai fedha zao, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Tofauti yake na upatu wa kina mama wa Buguruni ilikuwa moja: katika upatu kila mmoja anamjua anayempokelea fedha, alipolala na atakapoamka. Katika DECI watu walikuwa wengi, uhitaji ulikuwa mmoja, lakini kufahamiana hakukuwapo. Dhiki ya pamoja bila ya kufahamiana iligeuzwa kuwa mtego.

Somo kama hilo limejitokeza katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Serikali iliisitisha Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuibua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka hakina historia ya kuzikana. Kikipata fedha, hakuna kinachomzuia mwanachama kutoweka, kwa kuwa hakuna anachopoteza zaidi ya namba ya simu.

Na wapo vijana. Januari 2015 hofu ya makundi yaliyoitwa Panya Road iliwafungia watu ndani katika maeneo kadhaa ya jiji, na Septemba 2022 makundi hayo yalitajwa tena kwa uvamizi wa nyumba. Wanachama wake ni vijana waliokulia mitaa ile ile, wenye njaa ile ile na ukosefu wa kazi ule ule. Nao walishikamana. Dhiki iliwapa umoja, ila haikuwapa wazee wa kuwaongoza wala kazi halali ya kuvuta kwa kamba.

Hata fidia, ambayo huja kama tiba, inaweza kugawa. Baada ya milipuko ya Mbagala uthamini ulifanywa nyumba kwa nyumba, na baadhi ya waathirika waliendelea kwa miaka kudai kwamba walipunjwa au walirukwa. Uthamini wa nyumba humtambua mwenye nyumba. Katika nyumba ya kawaida ya uswahilini, yenye vyumba sita na ua mmoja, wapangaji watano wanaotumia choo kimoja na kuchangia umeme wa LUKU moja walikuwa sawa bomu lilipoanguka. Karatasi za malipo zilipokuja, mmoja alikuwa na madai na watano walikuwa na mizigo ya kuhamisha. Usawa uliowaunganisha uliondoka siku hiyo.

Kobe walijifunza kwa machungu

Japan ililipa gharama kubwa kulijua hili. Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 6,000 katika Jiji la Kobe na maeneo ya jirani. Waliofukuliwa wakiwa hai kutoka katika vifusi, wengi walitolewa na ndugu na majirani kabla ya vikosi vya uokoaji kufika. Baadaye wakuu wa jiji waligawa nyumba za muda kwa bahati nasibu, huku wazee na wagonjwa wakipewa kipaumbele. Nia ilikuwa njema na utaratibu ulikuwa wa haki. Matokeo yake yalikuwa kwamba wazee walitenganishwa na majirani wa miaka 40, na katika miaka iliyofuata wengi walikutwa wamekufa peke yao vyumbani, wengine siku kadhaa baada ya kukata roho.

Baada ya tsunami ya Machi 11, 2011, mji mdogo wa Iwanuma ulifanya tofauti. Wakazi wa kitongoji kimoja walihamishwa pamoja. Watafiti waliowafuatilia wazee wa mji huo waligundua kwamba waliohamishwa kwa makundi walidumisha mahusiano yao vizuri zaidi kuliko waliohamia mmoja mmoja. Nyumba zilikuwa mpya, lakini salamu za asubuhi zilibaki kuwa zile zile.

Dar es Salaam haina haja ya kwenda Japan kutafuta ushahidi wa nusu ya kwanza ya somo hilo. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, wa kwanza kufukua kifusi walikuwa wafanyabiashara, wapagazi na wapita njia waliotumia mikono, nyundo na chochote kilichopatikana. Nusu ya pili, ya namna ya kuwahamisha watu bila ya kuukata mshikamano huo, ndiyo inayosubiri kujifunzwa.

Mtihani wa Msimbazi

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa Dola milioni 200 za Marekani na Benki ya Dunia mwaka 2022, una sababu nzito. Mto huo umeua, umekata mara nyingi barabara ya Morogoro pale Jangwani na kusimamisha mabasi yaendayo haraka. Daraja jipya, kupanuliwa kwa njia ya maji na kuondolewa kwa makazi kwenye eneo la hatari ni hatua ambazo jiji lilizihitaji kwa miongo. Hakuna mwenye nia njema atakayetaka watoto walale tena juu ya mapaa.

Lakini fidia ya fedha, inayolipwa kwa mtu mmoja mmoja, humwachia kila mmoja kutafuta pa kwenda peke yake. Mwenye kupata zaidi hununua kiwanja chenye barabara. Mwenye kupata kidogo husogea mbali zaidi. Mpangaji hutafuta chumba penye mwenye nyumba atakayekubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Ndani ya miezi michache, mtaa uliochukua miaka 30 kuwa mtaa hugeuka kuwa kundi la WhatsApp linalotangaza misiba ambayo wengi hawana nauli ya kuihudhuria.

Yapo mambo ambayo hayahitaji mkopo mpya. Halmashauri zinapopima viwanja vya watu wanaohamishwa zinaweza kuviuza au kuvigawa kwa vitalu, ili watu wa mtaa mmoja wanaotaka kwenda pamoja waombe pamoja. Vikundi vilivyosajiliwa chini ya sheria ya 2018 vinaweza kuorodheshwa wakati wa uthamini na kupewa nafasi ya kuhama kama kikundi, na sanduku lao lenye kufuli tatu. Wapangaji wanaweza kuhesabiwa, hata pale sheria inapomlipa mwenye nyumba, ili ijulikane ni nani alikuwa akiishi na nani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wa nyumba kumi, ambao huitwa mara nyingi kugonga mihuri, wanajua ni mzee yupi huletewa chakula na nani. Taarifa hiyo haimo katika ramani yoyote ya wizara.

Kwa upande wa maafa, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi za chini. Kamati hizo zitakuwa na maana zikijengwa juu ya vikundi vilivyopo, vya kuzikana, vya kuweka akiba, vya misikiti na makanisa, vya waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja. Mwendesha bodaboda wa Mbagala anajua njia ya mkato ya kutoka mtaani kwake hata umeme ukikatika. Kumfundisha huduma ya kwanza ni gharama ndogo kuliko gari jipya la zimamoto litakaloshindwa kupita kwenye uchochoro.

Hoja kwamba watu wataundana upya huko waendako ina ukweli. Mabwepande ilionyesha hivyo: mahema yalizaa mtaa. Lakini ilichukua miaka, na katika miaka hiyo waliokuwa dhaifu zaidi, wajane, wazee na wagonjwa, ndio walioishi bila ya mtu wa kumgongea mlango. Kijana wa miaka 25 hupata marafiki wapya kijiweni ndani ya wiki. Bibi wa miaka 70 aliyezika mume na watoto wawili akisaidiwa na majirani wale wale hana muda wa kuanza upya.

Jiji litaendelea kukua na kubomoa, na mvua zitaendelea kunyesha. Kila mradi utakuja na wathamini wenye tepu za kupimia na fomu za kujaza. Safu moja ikiongezwa katika fomu hizo, ya kuuliza ukiugua usiku unamwita nani, Dar es Salaam itakuwa imeanza kuhesabu mali ambayo maskini wake wamekuwa wakiilimbikiza tangu kabla ya Uhuru.